Sauti Iliyotoka kwenye Simu Yangu

Louisville, Jumamosi jioni, Agosti 2016

Mwanangu Mapendo,

Ni miaka ishirini kasoro miezi miwili tangu nilipotoka darasani Uvira na kuacha mchoro wa moyo ubaoni. Upande mmoja nilikuwa nimeupaka chaki ya buluu. Wa chaki nyekundu sikuufikia. Miaka kumi na sita kati ya hiyo niliimaliza kambini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, ulikozaliwa. Mitatu na miezi kumi nimekaa hapa. Nahesabu kwa sababu nilikuwa mwalimu, na mwalimu asiye na wanafunzi hubaki na kuhesabu.

Umekwenda kuwaaga rafiki zako na umesema utarudi saa tatu. Jua bado halijashuka, na kwenye meza hii naona vizuri bila taa. Habari za koti zito, za kadi ya benki, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, sitaziandika. Mama Riziki wa ghorofa ya chini ameshakuambia zote, nyingine mara mbili.

Nina jambo moja, na lazima ulijue kabla ya asubuhi, maana gari litakalokupeleka chuoni Columbus ni la Papa Sadiki. Nilikuambia tu kwamba gari limepatikana. Hukuuliza la nani, nami nikafurahi kwamba hukuuliza.

Mtu huyo ulimwita muuaji mbele ya kwaya nzima mwezi wa tatu, shangazi yako Esta alipopata kiharusi. Uliamini kwamba ndiye aliyemtumia ile sauti iliyomfanya aache vidonge vya presha. Si yeye. Sauti ile ilitoka kwenye simu yangu.

Nikueleze ilivyokuwa. Si kwa ajili ya kujitetea. Wewe unakwenda kusomea mambo haya haya, na kosa langu ni la mtu aliyesoma.

Mwezi wa kwanza mtu mmoja aliniletea sauti kwenye simu, ya dakika nne. Mwanaume, taratibu, bila haraka yoyote, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa: bamama na bapapa, musikilize muzuri. Alisema yeye ni daktari. Jina hakutaja, wala mahali anapofanyia kazi. Alisema vidonge vya presha wanavyopewa wakimbizi vinakausha figo, kwamba mwenye akili avipumzishe siku arobaini, anywe maji ya kitunguu saumu na ndimu asubuhi na jioni, na mishipa itajisafisha yenyewe. Kitunguu saumu hakina ubaya, hata mimi nakipenda kwenye samaki. Lakini mishipa si sufuria.

Nilishikwa na hasira ya mwalimu, ambayo ni hasira yenye raha ndani yake. Siku mbili nilikwenda maktaba. Nikaandika aya nne: moyo unavyosukuma damu, figo zinavyochuja, kwa nini presha huua bila kuumiza kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Uvira kupata nafasi ya kuupaka ule upande wa chaki nyekundu. Kiswahili kilikuwa safi. Kila nukta ilikaa mahali pake.

Halafu nikafanya kosa. Nilitaka watu waelewe ninajibu nini, kwa hiyo katika kundi letu la wazazi wa Uvira, lile ambalo ninyi vijana hamumo, nilituma kwanza ile sauti yenyewe. Chini yake nikaweka aya zangu nne. Yakaja majibu: asante Mwalimu, Mungu akubariki Mwalimu, picha za mikono iliyokunjwa kuomba. Niliyahesabu majibu hayo nikadhani nahesabu watu walioelewa.

Wewe unalijua kundi lile kwa masikio, kwa sababu sauti zake hulia humu ndani kutwa. Hakuna anayeandika. Watu wanatumiana sauti. Wengine mikono iko kazini, wengine macho yamechoka, wengine hawakuketi darasani hata siku moja. Mtu anabonyeza, anaiweka simu kando ya jiko, anasikiliza huku anasonga ugali. Waliisikia sauti ya dakika nne ikitoka kwa Mwalimu. Aya zangu zilibaki chini, kama karatasi ile iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa.

Mmoja wa waliosikiliza alikuwa dada yangu.

Siku ile jirani yake alipopiga simu kutoka Lackawanna, kando ya Buffalo, wewe ulikuwa na mitihani. Papa Sadiki alikuwa ametoka zamu ya asubuhi ghalani. Aliniuliza tu kama nina soksi nzito, akawasha gari, akaendesha saa tisa mpaka Buffalo. Njiani aliniimbia nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, kwa sababu ya kwanza, alisema, ni ya watu wenye mapafu.

Esta alikuwa amelala, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umekaa juu ya shuka kama si wake. Nilimuuliza kwa nini aliacha dawa. Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Akaniita yaya, kama alivyoniita tangu utotoni mimi kaka yake mkubwa.

“Yaya, si ni weye ulitumaka? Nilisikia inatoka kwa simu yako. Nikasema, bon, kama Mwalimu amekubali, basi ni kweli.”

Nikamwambia kwamba chini yake nilikuwa nimeandika, nimeeleza kila kitu, ni uongo mtupu. Mapendo, dada yangu alicheka. Alicheka kwa ule upande wa uso uliobaki.

“Nisome? Miye? Toka lini?”

Kule milimani, juu ya Uvira, baba yetu alisema mmoja atasoma na mmoja atachunga mbuzi. Nilisoma mimi. Yeye alichunga, na jioni alinifuata na taa ya kibatari nimsomee kilichoandikwa kwenye daftari langu, naye akikariri. Mama yako alipofariki kambini, wewe hujafika miaka miwili, ni Esta aliyekubeba mgongoni. Nimemjua mtu huyo miaka hamsini na kitu. Nikakaa kwenye meza hii, nikamwandikia aya nne.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia, na ningeweza kuishia hapo kama lingekuwa peke yake. Kuna mawili zaidi.

La kwanza nililijua siku ya tatu pale hospitalini. Nilikuwa bado nashangaa: hata kama sauti ilitoka kwangu, Esta si mtu wa kuamini kila kitu. Kambini alikuwa akiwafukuza wauza mizizi kwa ndoo ya maji. Nikamuuliza tena, safari hii nikiwa nimekaa. Akanieleza kwamba kile kidonge cha asubuhi kilimpeleka chooni kila mara. Kiwandani anakofungasha vyakula, ukiondoka kwenye laini ya kazi lazima uombe ruhusa, na msimamizi, kijana wa umri wako, alikuwa akiandika jina lake kila akitoka. Alikuwa ameshaandikwa mara mbili, na aliogopa ya tatu, ambayo ni kufukuzwa. Tena alikuwa anaona aibu, mama mzima, kumwambia kijana mwanaume kwamba anakwenda kukojoa. Esta hakumwambia muuguzi, kwa sababu muuguzi hakuuliza, na mkalimani wa kwenye simu alikuwa mwanaume naye.

Kwa hiyo sauti ile haikumdanganya mtu mjinga. Ilimletea ruhusa mtu aliyekuwa ameshaitafuta. Aya zangu zilijibu swali la figo. Esta hakuwa na swali la figo.

Na hili nilikuwa nimeshafundishwa. Wewe ulikuwa mdogo, hutakumbuka: kambini uliingia uvumi kwamba dawa ya kwenye maji inafunga vizazi. Kipindupindu kilikuwa mtaa wa pili. Nilipewa ubao nikasimama asubuhi tatu kuchora vijidudu. Wanawake walinisikiliza kwa heshima, wakaenda kuchota maji ya kijito. Ni Mama Anyesi, mkunga, asiyejua hata kuandika jina lake, aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiuliza maji yale yana nini. Wakamwambia yananuka. Yananuka kama sakafu ya ile wadi walikofia watoto wao. Basi akawaonyesha kuyaacha wazi kwa muda kabla ya kuyafunika, harufu ipungue. Wakayanywa. Habari za vizazi hakuna aliyezitaja tena. Nilipata somo hilo nikiwa na nywele nyeusi. Nilihitaji dada yangu aanguke ndipo nilikumbuke.

Jambo la pili ni baya zaidi, kwa sababu la kwanza nilikosea na hili nililichagua.

Niliporudi kutoka Buffalo ulinisubiri mlangoni. Uliuliza nani alimwambia shangazi aache dawa. Nilikujibu, “Alisikia sauti kwenye kundi.” Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli, na nililipanga hivyo. Wewe ukamaliza mwenyewe. Katika kundi la kwaya anayetuma vitu vya ajabu ni mmoja: chupa ya mafuta inayoponya meno na ndoa, picha ya wingu lenye uso wa malaika, maji ya bamia. Ukaketi kwenye kochi, mimi nimeketi hapa hapa nilipo sasa, ukamwandikia Papa Sadiki. Ulichanganya Kiingereza na Kiswahili. Ulisema ujinga wake umemlemaza mama aliyekulea, ulisema muuaji, ukajitoa kwenye kundi. Uliponyanyua uso ulikuwa unalia, ukasema, “Papa, lazima mtu awaambie.”

Nilikuwa umbali wa hatua nne. Sikusema kitu.

Wiki ile niliwapigia simu wazazi wote wa kundi la Uvira, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia wasiache vidonge. Hilo nililifanya, na nalitaja kwa kuwa ni kweli. Lakini sikumwambia hata mmoja kwamba ni mimi niliyewapotosha. Nilisahihisha elimu nikajificha mimi. Mama Riziki akasema kwa upole kwamba mwezi wa kwanza Mwalimu alituma hivi na leo anasema vile, afuate kipi? Wote walijua sauti ilitoka wapi. Walikuwa wakingoja niseme, na kwa heshima yangu wakaacha Papa Sadiki abebe. Heshima ya aina hiyo, mwanangu, usiitamani.

Mwezi wa sita nilipokwenda tena kumwona Esta, Papa Sadiki ndiye aliyenipeleka. Tulisimama Reynoldsburg kwa binamu yako kula wali, na tuliporudi barabarani sikuweza tena kujizuia. Nilianza kumwambia kwamba lile jambo la Mapendo na kwaya, nataka ajue ya kwamba mimi… Akanikatiza, macho yake yakiwa barabarani.

“Mwalimu, nilijua ni simu ya nani. Miye niko mule kundini, nasikiaka. Nikasema, mutoto akikosana na miye, hakuna shida, miye si baba yake. Akikosana na weye, atabaki na nani mule nyumbani?”

Baada ya maili kadhaa akaongeza kwamba hata hivyo lile wingu lilikuwa na uso wa malaika kweli, na mimi ni mbishi tu.

Hiyo ilikuwa Juni. Leo ni Agosti. Hesabu mwenyewe.

Mwezi uliopita ulinionyesha ukurasa wako wa mtandaoni, ulipojibizana na yule bwana anayeandika kwamba chanjo za watoto zina sumu. Unaandika vizuri kuliko mimi. Hoja zako zilikaa sawa, vyanzo vyako ni vya kuaminika, na ulimchekesha kila mtu kwa gharama yake. Nilikuuliza alijibu nini, ukasema amekufungia mlango. Nikauliza, na yule mama mwenye mtoto mchanga, aliyekuwa amemuuliza huyo bwana swali kabla yako, alikwenda wapi? Ukanijibu kwa Kiingereza kwamba hiyo si kazi yako. Sikukubishia. Nilikuwa nimeuona uso wangu wa mwezi wa kwanza.

Sikushauri uache. Uongo upo na unaumiza watu, na kunyamaza kwangu hakukumponya yeyote. Nakuambia tu mambo niliyoyaona kwa macho. Niliona kwamba mtu anayebeba uongo ili auonyeshe kuwa uongo, ameubeba. Niliona watu wengi hawasomi sehemu ya pili. Niliona kwamba chini ya neno la kijinga mara nyingi kuna jambo ambalo si la kijinga hata kidogo, harufu ya wadi au ruhusa ya choo, na anayelifikia hilo kwanza ndiye anayesikilizwa, awe daktari au tapeli. Yule mwanaume wa dakika nne alikuwa tapeli, lakini alisema kwa lugha ya Esta na hakumfanya ajione mdogo. Mimi nilisema ukweli kwa lugha yangu.

Unataka kujua ilivyokwisha habari ya vidonge? Mwezi wa sita nilikaa na Esta mbele ya muuguzi, tukaomba mkalimani mwanamke. Esta akasema neno moja, la aibu, kwa sauti ndogo. Muuguzi akaandika, akatoka, akarudi na daktari, wakambadilishia. Ilichukua muda wa kunywa chai. Nilitoka nje nikasimama upande wa kule kulikokuwa na viwanda vya chuma zamani, na nilikaa pale mpaka nikaweza kurudi ndani.

Leo asubuhi nimerekodi sauti. Mara ya kwanza nilisema kama niko mbele ya ubao, nikaifuta. Ya pili nilianza kueleza kwa nini nilituma, nikaifuta pia. Ya tatu ni fupi. Nasema: miye ni Mwalimu, ile sauti ya mwezi wa kwanza ilitoka kwa simu yangu, Papa Sadiki hakuituma, mutoto wangu alimukosea kwa sababu nilinyamaza. Vidonge vya presha musiviache. Kama vinakusumbua, unipigie uniambie vinakusumbua wapi, tutaenda pamoja kwa munganga wa hospitali. Hayo tu. Sikurudia hata neno moja la yule mwingine. Nitaituma kesho tukikufikisha Columbus, na Mama Riziki ataipeleka kwenye kundi la kwaya. Nilitaka wewe ujue kwanza, na ujue kwa maandishi, kwa sababu wewe unasoma.

Kesho kaa kiti cha mbele. Mimi nitakaa nyuma na mablanketi. Sitakuambia useme nini kwa Papa Sadiki. Deni la kwanza la maneno ni langu, na nitalilipa kabla hajawasha gari, wewe ukisikia. Ukitaka kunikasirikia, njia ni ya saa tatu na nusu. Usinihurumie kwa ajili ya uzee.

Lililobaki ni sanduku. Lile la kahawia chini ya kitanda changu, nililolinunua majira yetu ya kwanza ya baridi, ambalo ulikuwa ukiliita sanduku la Uvira. Nilisema nitalibeba kurudi Uvira mwaka utakapoanza chuo. Jana nimelitoa, nimelifuta vumbi, na barua hii naiweka juu yake. Vitu vyako vitaenea humo kuliko kwenye ile mifuko myeusi. Vyangu vinatosha begi la bega, kwa kuwa nikishakushusha mtaa wa chuo sitageuza na Papa Sadiki kuja huku. Tutaendelea mpaka Lackawanna. Esta hawezi kufunga vifungo kwa mkono mmoja, na kuna mambo mengi ya kumsomea. Nyumba hii tunaikabidhi mwisho wa mwezi, basi likizo zako zitakuwa Buffalo, kwa shangazi yako na kwangu.

Ule mchoro ubaoni ulifutwa siku nyingi, na darasa lile lina mwalimu mwingine. Uvira sitarudi.

Baba yako